Kamera Inayopiga Hodi

Ukiwa na simu mkononi siku hizi unaweza kupiga picha karibu popote, na hakuna atakayegeuka kukutazama. Mtu anapiga picha foleni ya watu, anapiga tangazo lililobandikwa ukutani, anajipiga mwenyewe mbele ya bendera, kisha anaitia simu mfukoni na kwenda zake. Lakini chukua kamera, au hata simu ile ile, uifunge juu ya stendi ya miguu mitatu ndani ya jengo la umma, uone mambo yatakavyobadilika. Mlinzi atasimama. Karani atatoa kichwa dirishani. Mtu ambaye hujapata kumwona atakuja kukuuliza umetumwa na nani. Picha ni ile ile, na jengo ni lile lile. Kilichoongezeka ni vijiti vitatu vya bati jepesi, na vijiti hivyo ndivyo vinavyowashughulisha watu.

Jambo hili nimelifikiri kwa muda mrefu kwa sababu limenigusa katika kazi yangu. Mimi ni mtu wa Kiuyu, kaskazini mashariki ya Pemba, nchi ya mawe na upepo, ambako watu huishi zaidi kwa bahari, mwani, mihogo na ng'ombe kuliko kwa karafuu. Nimefanya kazi ya picha kwa zaidi ya miaka 30. Riziki yangu kubwa imetoka kwenye harusi na picha ndogo za vitambulisho, lakini mapenzi yangu ni majengo: skuli, vituo vya afya, mahakama na ofisi za zamani, pamoja na ngazi zake na milango yake. Kwa kazi ya harusi mtu anaweza kukimbia na kamera mkononi kutoka asubuhi hadi usiku. Kwa kazi ya majengo, stendi si pambo.

Majengo yetu ya zamani yana kuta nene za mawe na chokaa na madirisha madogo, kwa sababu waliojenga walitaka kivuli. Ndani yake mna giza la baridi, lenye mwanga kidogo unaoingia pembeni na kulala sakafuni. Katika chumba kama hicho kamera huhitaji kufungua jicho lake kwa sekunde moja, au mbili, na mara nyingine hata nane. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kutulia kiasi hicho, maana hata pumzi inautikisa. Mtu atasema, si kuna flashi? Ipo, lakini flashi hufuta vivuli vyote, na ukuta wenye nyufa, madoa na alama za mwiko wa fundi ukaonekana kama karatasi. Aidha, anayetaka kuweka kumbukumbu ya jengo anahitaji kuta zisimame wima katika picha, na anahitaji kurudi mwaka ujao na kuisimamisha kamera pale pale ili aone nini kimebadilika. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Walijua pia kwamba mafya matatu yanatosha. Kiti cha miguu minne hucheza penye mawe, lakini kitu cha miguu mitatu hutulia popote utakapokiweka.

Tena stendi si jambo geni lililoletwa na watalii. Ilifika katika visiwa vyetu pamoja na kamera yenyewe. James Augustus Grant alipopiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kuondoka na Speke kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile, kamera za wakati ule zilitumia mabamba ya kioo yaliyokuwa mazito wa kupokea mwanga. Mtu hakuweza kuishika kamera mkononi na kupata kitu cha maana. A. C. Gomes na wenzake waliofungua studio mjini Unguja katika karne ya 19 walifanya kazi hivyo hivyo, na Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mwaka 1930, alirithi mila hiyo. Karibu kila picha ya zamani tunayoitazama leo kwa fahari, ya bandari, ya majumba, ya masheikh waliokaa kimya wakitazama mbele, ilipigwa na mtu aliyesimama nyuma ya miguu mitatu. Kama sheria za leo zingekuwepo siku zile, kumbukumbu hizo tungezikosa.

Sasa nirudi kwetu Kiuyu, maana huko nilijifunza kwamba hofu ya miguu mitatu ina mizizi zaidi ya mmoja.

Kwa watu wa kwetu, kitu cha miguu mitatu kilichosimama uwanjani si kamera. Ni chombo cha mpima ardhi. Mpima naye huja hivyo hivyo: anakita miguu yake, anainama, anafumba jicho moja, anatazama mbali, anaandika katika daftari lake na kuondoka, na baada ya muda vinakuja vigingi. Mwaka 1992 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotenga maeneo huru ya uchumi, moja kati yake lilikuwa Micheweni, katika upande wetu wa Maziwa Ng'ombe, hekta zaidi ya 800. Sina haja ya kueleza hapa mazuri na mabaya ya mpango ule. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelima au kulisha ng'ombe katika ardhi ya aina hiyo huangalia miguu mitatu kwa jicho lake mwenyewe, na jicho hilo si la ujinga.

Miaka michache iliyopita ilijulikana kwamba madarasa ya zamani ya skuli moja ya kwetu yatavunjwa. Siku hizi skuli za ghorofa zinajengwa sehemu nyingi za Unguja na Pemba, na hakuna mzazi anayelilia paa linalovuja. Hata hivyo nilitaka nipate picha za madarasa yale kabla hayajaondoka, nje na ndani. Nikamwomba mwalimu mkuu, akakubali. Nikaisimamisha stendi yangu uwanjani asubuhi, kabla jua halijapanda.

Bibi mmoja alikuwa anatoka pwani na mzigo wa mwani kichwani. Alisimama.

"Wapima nini, mwanangu?"

"Sipimi kitu, bibi. Napiga picha."

"Picha ya miguu?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Hazikupita dakika kumi wakaja wanaume wawili, mmoja ninayemfahamu na mmoja nisiyemfahamu. Yule nisiyemfahamu akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kwamba kama ni kupima watu waambiwe mapema. Nikajibu kwamba kama ingekuwa kupima nisingekuja peke yangu. Tukakubaliana twende kwa Sheha.

Sheha hakuwa na sheria yoyote ya kunisomea. Alikuwa na maswali. Aliniuliza picha ni za nani, nani amejua, nitamaliza saa ngapi, na zitakwenda wapi baada ya hapo. Nilipokwisha kumjibu akavaa kofia yake, akaja nami hadi darasani, akainama nyuma ya kamera na kutazama. Akakaa pale muda mrefu. Kisha akamwita yule bibi wa mwani, naye akatua mzigo wake, akatazama.

"Mna mwanga kuliko nionavyo kwa macho yangu," akasema.

Ni kweli, ndivyo kamera inavyofanya ikitulia: inakusanya mwanga mdogo mpaka unakuwa mwingi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza, na yule bwana nisiyemfahamu ndiye aliyenisaidia kusogeza madawati.

Hali ilikuwa nyingine katika jengo moja la umma mjini, ambalo jina lake nitalihifadhi. Ni jengo la zamani, ambamo wazee wetu walipanga foleni kwa miaka mingi kwa shida zao mbalimbali. Ndani yake mlikuwa na kaunta ndefu ya mbao ngumu, yenye vidirisha vya chuma, na ubao wake wa juu ulikuwa umeliwa. Haukuliwa na mchwa. Viwiko na viganja vya watu waliosimama pale wakisubiri kuitwa ndivyo vilivyoula, mpaka mbele ya kila kidirisha pakawa na kishimo cha duara, laini kama bakuli. Sijapata kuona kitu kinachoeleza subira ya watu wetu kuliko mbao ile. Nikataka kuipiga picha kwa mwanga wa dirisha la mashariki, ambao huingia saa moja asubuhi na kuondoka saa mbili.

Mlinzi alikuwa kijana mwenye heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, hicho hakiruhusiwi."

"Kamera hairuhusiwi?"

"Kamera hakuna neno. Hicho cha miguu."

"Kwa sababu gani?"

"Usalama."

"Usalama wa nini, mwanangu?"

Akanitazama, na nikaona kwamba swali langu lilikuwa limemfikia kabla yangu. "Mzee wangu," akasema, "mimi nimeambiwa hakiruhusiwi. Ningeambiwa sababu, ningekwambia."

Tulipokuwa tunazungumza wakapita wageni watatu, simu zao zimeinuliwa. Walirekodi ngazi, dari, mlango wa ndani, mashine ya kukagulia mizigo, na mlinzi mwenyewe. Hakuna aliyewasimamisha, na kwa kweli hawakuvunja amri yoyote. Amri ilikuwa juu ya miguu, nao miguu ya kamera hawakuwa nayo.

Nikafuata njia iliyoelekezwa. Niliandika barua, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho, nikaeleza siku, saa na kitu ninachotaka kupiga. Barua ikaenda ofisi moja, ikarudi, ikaenda nyingine. Kila nilipouliza niliambiwa iko juu. Baada ya miezi minane nikapata jibu, lenye muhuri, lililonishukuru kwa kuomba na kuniruhusu kupiga picha, kwa sharti la kutotumia stendi. Nilipofika na barua yangu nikakuta kaunta ya mbao imeondolewa. Mahali pake pamewekwa alumini na kioo, safi, yenye kung'aa. Niliuliza mbao imepelekwa wapi. Hakuna aliyejua.

Msomaji anaweza kudhani sasa nitawalaumu walinzi. La hasha. Mlinzi ana haki ya kuogopa, na historia imempa sababu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati karibu mmoja. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, na Dar es Salaam 11, na wengi wao walikuwa watu wetu wa Afrika Mashariki waliokwenda kazini tu. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, mtu aitwaye Ali Mohamed alikiri mbele ya mahakama ya New York kwamba aliuchunguza ubalozi wa Nairobi miaka kadhaa kabla ya shambulio, akapiga picha na kuchora ramani, na kwamba Osama bin Laden aliitazama picha ya jengo na kuonyesha kwa kidole mahali gari la bomu lingeweza kupita. Anayesema picha haiwezi kuua anyamaze kidogo na alifikirie hilo.

Sheria nazo zilikuwepo kabla ya hapo. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 1970, nayo inatambua maeneo yanayolindwa, ambayo mtu hana ruhusa ya kuyapiga picha bila idhini. Kila mtu aliyekulia huku anajua bila kuambiwa kwamba kambi ya jeshi haipigwi picha, wala uwanja wa ndege haupigwi ovyo. Hilo sina ugomvi nalo. Kila nyumba ina chumba chake cha ndani.

Lakini tutazame hoja ya usalama kwa utulivu. Mtu anayechunguza jengo kwa nia mbaya anataka nini? Anataka asionekane. Atakuja kama mteja, atapita haraka, atatumia kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na hatauliza jina la mtu. Mwenye stendi anafanya kinyume cha hayo yote. Anafika na mzigo begani. Anachukua dakika tano kuifungua miguu yake, na nyingine tano kuinua na kushusha. Anasimama mahali pamoja, mbele ya watu wote, mgongo wake ukiwa wazi. Anaweza kuulizwa jina, akatoa. Anaweza kuulizwa anapiga nini, akaonyesha. Katika jengo zima hakuna anayeonekana kuliko yeye.

Kwetu sisi mtu huyo tuna jina lake. Ni mtu anayepiga hodi. Mila yetu ya hodi haikuwekwa kwa ajili ya mapambo ya maneno. Mgeni anayesimama nje na kuita hodi anampa mwenye nyumba nafasi ya kujua nani amekuja, kujifunika, kuondoa cha kuondolewa, na kusema karibu au kusema subiri. Akiita mara tatu bila kujibiwa, anarudi. Anayestahili kuogopwa ni yule aliyekwisha ingia ndani bila sauti. Stendi ya kamera, kwa maoni yangu, ni hodi ya mpiga picha: inatangaza kwamba nimekuja, nina kazi, nitakaa, niulizeni. Amri inayokataza stendi na kuiacha simu inamfukuza anayepiga hodi na kumkaribisha aliyeingia kimya. Sheha wa kwetu aliisikia hodi ile, akaitikia kwa maswali. Jengo la mjini nalo liliisikia, likafunga mlango.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu, na wenzetu wamegongana nalo hadharani. Mjini New York, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, mamlaka ya usafiri ilipendekeza mwaka 2004 kupiga marufuku kabisa upigaji picha katika treni za chini ya ardhi. Watu walipinga, na mwaka 2005 pendekezo likaachwa. Picha zikabaki halali, lakini stendi na taa bila kibali zikabaki marufuku humo. Mwaka 2007 serikali ya jiji ikaja na pendekezo jingine, kwamba kikundi cha watu watano au zaidi wakitumia stendi mahali pa umma kwa zaidi ya dakika kumi, pamoja na muda wa kuifungua, wawe na kibali na bima. Dakika kumi! Wapiga picha walilalamika sana, na kanuni zilizopitishwa mwaka 2008 zikawaachia watu kamera zao za mkononi na stendi zao, ilimradi wasizuie njia wala kujifanya wenye mahali. Kisha mwaka 2010 serikali ya shirikisho ikamaliza kwa suluhu kesi ya raia aliyekamatwa akirekodi nje ya mahakama ya shirikisho mjini humo, ikakiri kwamba hakuna kanuni ya jumla inayomkataza mtu kupiga picha majengo hayo kwa nje akiwa mahali palipo wazi kwa umma.

Katika magomvi hayo nimejifunza jambo moja lenye faida. Katika njia nyembamba za treni, miguu mitatu inaweza kumwangusha mtu anayekimbilia mlango. Katika jumba la makumbusho, ncha za chuma zinaweza kuchubua sakafu, au stendi ikaangukia kioo. Hizo ni sababu za kweli, na mpiga picha mwenye akili atazikubali na kuweka mipira chini ya miguu, kuja saa ambayo hapana watu, au kutumia dawati badala ya stendi. Kosa linaanza pale sababu ndogo ya njia na sakafu inapovishwa joho la neno usalama. Neno hilo likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Huwezi kumuuliza mlinzi kama ukija alfajiri itakuwa salama zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwambia salama dhidi ya nini. Ukiambiwa unazuia njia, unaweza kusogea. Ukiambiwa wewe ni hatari, utasogea wapi?

Na hasara yake ni kubwa kuliko usumbufu wa mpiga picha mmoja. Majengo ya umma yanakufa kama watu, na mengine hufa ghafla. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo kila mtu wa visiwa hivi analijua, lilikuwa limefungwa kwa wageni tangu 2012 baada ya sehemu yake kuporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati inaendelea, upande mkubwa wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Anayetaka kujenga upya jengo kama lile anahitaji vipimo na picha: nguzo ilisimama umbali gani kutoka ukutani, mbao ilikatwaje, nakshi iliishia wapi. Picha za watalii wanaotabasamu mbele ya mlango zipo maelfu. Lakini picha iliyotulia, iliyonyooka, inayoonyesha kona ya chumba cha giza ambayo hakuna mtalii aliyeijali, ndiyo inayomfaa fundi. Picha hiyo haipatikani bila miguu mitatu. Na Beit al-Ajaib lilikuwa mashuhuri, limepigwa picha tangu utoto wake. Ofisi ndogo za Wete, Chake Chake na Mkoani, na skuli za Micheweni, nani ana kumbukumbu zake?

Kuna jambo jingine ambalo nalisema bila chuki. Kabla ya uchaguzi wa 2005, tulipoandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, tulipangwa mstari skulini, ndani ya jengo la umma, tukapigwa picha mmoja mmoja. Baadaye tukapigwa tena kwa ajili ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kamera iliyonipiga mimi ilisimama juu ya miguu mitatu. Nilivua kofia nilipoambiwa nivue, nikatazama mbele, na sikuona ajabu, maana dola ina haja ya kuwajua watu wake. Lakini watu nao wana haja ya kuzijua nyumba zao. Jengo la umma limejengwa kwa kodi na jasho la watu, na wengi wetu tumezaliwa, tumesomeshwa, tumeozeshwa na kuhukumiwa ndani yake. Haifai miguu mitatu iwe halali inapotutazama sisi, na iwe tishio tunapotazama kuta zetu.

Sisemi milango yote ifunguliwe. Naomba mambo matatu tu, mepesi kuliko vijiti vya stendi yangu. La kwanza, amri iandikwe na sababu yake, ili mlinzi aweze kuieleza na mtu aweze kuitii kwa akili. Kama ni sakafu, iandikwe sakafu. La pili, awepo mtu mwenye jina na meza, hapo hapo jengoni, mwenye uwezo wa kuuliza maswali aliyoniuliza Sheha na kusema ndiyo au hapana. La tatu, jibu lije kabla kinachopigwa picha hakijaondolewa. Mwenye nyumba akichelewa sana kuitikia hodi, mgeni huona ni afadhali aingie kimya kimya. Nawajua vijana wapiga picha ambao hawaombi tena ruhusa yoyote. Wanaibana simu baina ya vitabu viwili juu ya dawati, wanajifanya wanasubiri zamu yao, na wanapata picha yao. Hivyo amri iliyowekwa kwa ajili ya usalama inawafundisha watu wema kujificha, na mlinzi anabaki hajui tena nani ni nani.

Picha za madarasa ya Kiuyu ziko 41. Seti moja nimewapa walimu, nyingine iko kwa Sheha, na watu wazima huja kuzitazama na kubishana nani alikaa dawati gani. Madarasa yenyewe hayapo tena. Kaunta ya mbao nayo haipo, na picha yake sina. Anayetaka kujua ilikuwaje itambidi awaulize wazee waliowahi kuegemeza viwiko vyao pale, na kila mwaka wazee hao wanapungua.